Kikapu cha Mkono wa Kushoto

Jumanne, 8 Julai

Uji umeungua. Mara ya pili wiki hii. Mkono wa kushoto unakoroga kama mgeni, haujui sufuria imeishia wapi. Nimeunywa hivyo hivyo. Uji wa kuungua pia ni uji.

Kisha mazoezi. Nesi wa Voi alisema niushike mkono wa kulia, niuinue mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Nauinua. Unaanguka. Nauinua. Unaanguka. Mkono huu umelima, umesuka vikapu miaka arobaini, umefua nepi, umemfunga mume wangu sanda. Sasa umelala kwenye paja kama mlevi.

Kiharusi kilinikuta mwezi wa nne nikichuma kunde. Sikuanguka. Nilikaa chini tu, nikashangaa. Mdomo umerudi. Mguu umerudi nusu, natembea na fimbo. Mkono bado.

Na hizi herufi! Shule sikuenda hata siku moja. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa tayari na wajukuu, kwenye ngumbaru ya kanisa, kwa sababu nilichoka kusomewa Biblia na watu wanaoruka mistari. Sasa naanza upya kwa kushoto. Kuku akipita kwenye unga anaandika vizuri kuliko mimi. Lakini naandika. Daftari ni langu na hakuna wa kunisahihisha.

Mungu, habari za jioni. Bado nimekukasirikia. Lakini nipo.


Jumapili, 13 Julai

Mwadime alikuja. Mwanangu, fundi wa stima huko Mombasa. Hakuja kusalimia. Alikuja kunibeba.

Ijumaa nilianguka njia ya choo. Nikafunika jeraha kwa leso, nikanyamaza. Mkanyika jirani akaona, akampigia simu. Miaka hamsini ni rafiki yangu na bado hajui kufunga mdomo.

Mwadime akaifunua leso mwenyewe. Akaangalia goti. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema si kitu. Akasema chumba kiko tayari, kitanda kiko tayari, Saru atalala na wadogo zake. Twende.

Siendi.

Ndipo akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku baba yake alipokutwa amekufa shambani, yeye alikuwa juu ya ngazi, amefungua waya, simu ikalia. "Sitaki simu nyingine kama ile, Mama. Sitaki kuambiwa umepatikana."

Iliniuma. Na mimi nikiumwa napandisha sauti. Nikamwambia Jumapili ya mavuno kila mama wa hapa Kishushe anapeleka madhabahuni kikapu kipya chenye mazao. Mimi sijawahi kukosa. Nikisuka kikapu kizima kabla ya siku hiyo, uzi wangu, mkono wangu, unaniacha nikae kwangu. Nikishindwa, nafunga nguo mwenyewe na gari napanda bila kusukumwa.

Akaangalia mkono wangu. "Mama, hata blauzi anakufunga Mkanyika."

"Basi unaogopa nini kukubali?"

Akakubali. Mkanyika alikuwa pale, chai ikampalia, tukampiga mgongo.

Mavuno ni tarehe ishirini na nne Agosti. Wiki sita. Mdomo wangu huu. Ulipona haraka kuliko vyote.


Jumatano, 16 Julai

Mkonge ulikuwepo tayari, nilioufua mwezi wa tatu, mkavu, mweupe. Shida ni kusokota. Uzi wa kikapu unasokotwa juu ya paja kwa kiganja. Paja langu la kulia lina mahali pameng'aa kama sahani, nywele hazioti, miaka arobaini ya uzi imepita hapo.

Leo nimeanza paja la kushoto. Kiganja cha kushoto. Na nani atashika ule mwisho mwingine? Nimefunga kwenye mguu wa kitanda, ukakatika. Nimeshika kwa meno, nikasokota mate. Mwisho nikachukua ule mkono uliokufa, nikauweka juu ya uzi kama jiwe. Umeshika! Mkono umefanya kazi leo. Kazi ya jiwe, lakini kazi.

Nimeupigia makofi kwa kujipiga kwenye paja.

Uzi wa leo: urefu wa kidole.


Jumanne, 22 Julai

Paja la kushoto limechubuka. Ngozi yake ni ya kitoto, haijafunzwa. Napaka majivu uzi usiteleze, jioni napaka mafuta. Inachoma. Naimba huku inachoma. Si kwa furaha. Naimba ili maumivu yasifikirie yako peke yake humu ndani.

Saru alipiga simu. Mjukuu wangu, kidato cha kwanza. "Nyanya, uko fiti?" Nikamwambia niko fiti kuliko baba yako. Akasema baba yake ameshanunua neti ya kitanda changu, ya bluu. Nikamwambia ailalie yeye. Akacheka. Halafu akanong'ona, "Lakini Nyanya, usife huko peke yako." Kitoto hicho. Nikamwambia sitakufa, nina kikapu.

Nimekata simu nikalia. Dakika chache. Kisha nikasokota.


Jumapili, 27 Julai

Kanisani alikuja mhubiri mgeni, suti nzuri, sauti ya kupasua mabati. Akaniona na fimbo. Akaniita mbele. Akaniwekea mkono kichwani, akasukuma. Akaniambia tupa fimbo, mama, kama una imani.

Sikuitupa.

Akasema tena kwa kelele. Nikamwambia, na watu wote walisikia, kwamba Mungu aliyenipa imani ndiye aliyenipa fimbo, na sioni kwa nini nichague. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema labda kuna dhambi nimeficha.

Dhambi ninazo. Nimemtukana mbuzi asubuhi hii hii. Lakini mkono wangu haukuharibika kwa dhambi. Uliharibika kwa presha, na kwa sababu vidonge nilikuwa nameza ninapokumbuka. Mungu na mimi tunalijua hilo, tumeshalizungumza. Sitamsingizia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, fimbo mkononi, kichwa juu. Nilichoka vibaya. Lakini kichwa juu.


Alhamisi, 31 Julai

Uzi hautoshi. Hesabu ya vidole inaniambia ukweli: kwa mwendo huu nitamaliza kusokota wakati wa Krismasi.

Mkanyika alikuja na kifurushi ndani ya leso. Uzi wake. Mwembamba, imara, yeye ndiye msokotaji bora wa upande huu, mimi nikiwa mzima nilikuwa wa pili na sikupenda. Akasema chukua, changanya na wako, nani atajua.

Nilisema uzi wangu, mkono wangu. Ndivyo nilivyosema mbele ya Mwadime. Nikamwambia hivyo. Akasema kusuka ndiyo kazi, uzi ni uzi tu, hata dukani unauzwa.

Nimechukua. Nimejiambia ni msaada. Nimeanza kitako cha kikapu leo. Nyuzi zilizosimama ni zangu, za kuzungushia ni mchanganyiko. Nakibana kwa magoti, navuta kwa kushoto, nang'ata pale panapotaka mkono wa pili. Kidogo, cha kutosha kibaba cha kunde. Sikusema ukubwa. Mwadime hakuuliza.


Jumatano, 6 Agosti

Kimepinda.

Kimefika kimo cha ngumi na kimepinda kama mtu aliyegeuka kutazama nyuma akasahau kurudi. Nakiweka chini, kinalala upande. Nakinyoosha, kinarudi. Na mahali pengine uzi umefumuka, umekuwa manyoya.

Nimekitupa nje. Kuku wakakimbia. Nimeutukana mkono wa kulia, nimeutukana wa kushoto, kisha nimemgeukia Mungu. Nimemwambia: Mikono miwili nilikuwa nayo, umechukua mzuri. Nimekubali. Nimetumia ulioniachia. Sasa huo pia unaucheka?

Hakujibu. Hakuniadhibu pia. Nilikaa pale kwenye kizingiti nikisubiri kimoja kati ya hivyo viwili mpaka ugali ukapoa.

Baadaye nilienda kukiokota. Si kwa imani. Ni kwa sababu mbuzi alikuwa anakila.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimejua!

Asubuhi nilikaa juani kukifumua, nipate angalau uzi. Nyuzi mbili zikawa juu ya goti, mmoja wa Mkanyika, mmoja wangu. Jua limezipiga. Mistari ya uzi wa Mkanyika imelalia upande wa mlima. Mistari ya wangu imelalia upande wa barabara.

Nilizitazama mpaka macho yakatoka maji.

Kiganja cha kulia kwenye paja la kulia kinasokota hivi. Cha kushoto kwenye paja la kushoto kinasokota kinyume. Sisi wote tunasokota kwa kulia, mama zetu walisokota kwa kulia, hakuna aliyewahi kufikiria. Na kikapu tunakizungusha kufuata uzi, ili kila mzunguko uukaze. Uzi wangu ukizungushwa njia ya zamani unafunguliwa badala ya kukazwa. Na ukiuchanganya na wa Mkanyika, mmoja unavuta huku, mwingine kule. Ndiyo maana kikapu kikageuka shingo.

Mkono wangu si mbovu. Una njia yake, basi. Mimi ndiye nilikuwa naulazimisha kwenda njia ya mwenzake aliyelala.

Nimepiga kigelegele peke yangu juani. Mkanyika akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha. Akashika nyuzi mbili, akazigeuza, akakaa chini pole pole. "Mama Mwadime," akasema, "tumesuka miaka yote hii kama ng'ombe."

Nikamrudishia uzi wake wote. Akasema nichukue basi huo wake peke yake, nisuke njia ya kawaida, niachane na wangu. Nikakataa. Nilikosea kuupokea mara ya kwanza. Akaondoka amenuna, anatembea na leso yake kama amebeba mtoto mgonjwa.

Siku kumi na sita. Naanza kutoka kitako.


Jumanne, 12 Agosti

Nazungusha kwenda kushoto. Macho yanakataa, kila mara nataka kurudi njia ya zamani. Lakini uzi unakaza. Kila mzunguko unakaza! Kinasimama wima kama askari.

Paja limeacha kuchubuka. Linaanza kung'aa kidogo.

Leo sikuomba kupona. Nimegundua jioni hii, nikipiga mswaki, nikasimama ghafla: leo sikuomba kupona hata mara moja. Niliomba siku iwe ndefu. Nilikuwa na kazi.


Jumatatu, 18 Agosti

Kliniki ya presha, Voi. Sikutaka kwenda. Siku mbili zinapotea. Lakini vidonge vimeisha, na nimeshasema kilichoniangusha ni ujinga wa vidonge. Siwezi kumwomba Mungu anilinde huku natupa alichonipa.

Gari la kutoka kwetu ni moja, alfajiri. Likapata pancha mara mbili kwenye mawe. Nimefika foleni imeshafika getini. Nilibeba kikapu, nikasuka kwenye benchi. Watu wakatazama. Mzee mmoja wa Taveta aliyemleta mkewe akauliza, "Mama, kwa nini unakwenda kinyume?" Nikamwambia kinyume ni kwenu.

Nesi amepima, presha imeshuka. Akashika mkono wa kulia, akaniambia nimtazame usoni, nisidanganyike: huenda usirudi tena. Nikamwambia asante kwa ukweli.

Nimelala kwa mpwa wangu hapa Voi, gari la kurudi limekwenda. Huenda usirudi. Nimeandika hapa ili nione linavyoonekana. Linaonekana kama maneno tu. Nimelia hata hivyo. Mto wa watu nimeulowesha.


Jumatano, 20 Agosti

Nilirudi jana jioni. Leo nimesuka tangu jua lilipochomoza. Shingo imekakamaa. Bado vidole vinne vya kimo, kisha mdomo wa kikapu. Mdomo ndio mgumu, unataka mikono miwili na subira ya tatu.

Siku nne. Sidhani.

Sijaandika "sidhani" tangu nianze. Leo nimeandika.


Ijumaa, 22 Agosti

Nimefanya jambo baya.

Mchana mkono wa kushoto ulikakamaa. Vidole vikajikunja, vikakataa kufunguka. Nikaogopa. Nikafikiri na huu nao umekwenda. Mkanyika akanikuta nimekaa na kikapu mapajani. Akaukanda kwa maji moto mpaka ukafunguka. Kisha akachukua kikapu, hakuuliza. Akasema ameshajua njia ya kinyume, amejaribu kwake, na uzi wangu bado upo. Atakimaliza, mdomo pamoja nacho. Kesho asubuhi ataleta.

Nikasema Mungu atajua.

"Mungu ana kazi nyingi," akasema. "Anayekuja kesho ni Mwadime."

Sikumzuia. Nimemwona anavuka korongo na kikapu changu kichwani na sikufungua mdomo. Mdomo wangu unaopona haraka kuliko vyote.

Nimekula. Chakula hakina ladha. Sijaomba. Nitaomba nini? Asante kwa kunisaidia kumdanganya mtoto?


Jumamosi, 23 Agosti

Nimeamka kabla ya kuku. Nikamwambia Mungu naenda kukichukua, anishike nisianguke.

Kwa Mkanyika ni ng'ambo ya korongo. Sijavuka korongo lile peke yangu tangu mwezi wa nne. Nikateremka kwa matako, fimbo nimeitanguliza chini. Mchanga ukanishika miguu. Upande wa pili nikapanda, nikateleza, nikaanguka. Kifua chini, mchanga mdomoni. Nikatema. Nikamwambia Mungu: Nilikuomba nisianguke. Sawa. Basi niinue. Nikajiinua kwa mkono wa kushoto na goti, na Yeye alikuwa mahali fulani katikati ya hivyo viwili, nina hakika nalo kama ninavyojua jina langu.

Mkanyika alikuwa anasuka mlangoni. Alipoona mchanga usoni kwangu akasimama. Nikamwambia nipe. Akasema amebakiza kidogo. Nikasema nipe, Mkanyika. Akanipa. Akaniambia nina kichwa cha mwamba, miaka hamsini anajifunza kunipenda na kila siku namwanzishia somo upya. Nikamwambia na yeye ana moyo kuliko akili, na ndiyo sababu nampenda.

Nimeondoka. Yeye akanifuata nyuma njia nzima, amekasirika, anatembea mkono mmoja nyuma ya mgongo wangu. Kwenye korongo hakunishika. Lakini alikuwepo.

Nyumbani nimefumua mizunguko yake. Sita. Mizuri, ya kutia wivu. Nimefumua yote.

Nimesuka mpaka saa nane. Mdomo sikufika. Nyuzi zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeshtuka.

Nimefunga nguo. Leso tatu, blauzi, Biblia, vidonge. Kwa mkono mmoja, zipu nimeivuta kwa meno.

Mwadime alifika saa tisa. Nikamwonyesha kikapu kabla hajakaa. Nikamwambia: hakijaisha. Nimeshindwa. Begi liko pale. Na jana nilimpa Mkanyika anisukie ili nikudanganye, leo nikaenda kukichukua, na njiani nilianguka. Nimesema yote kwa pumzi moja ili nisipate nafasi ya kuchagua.

Akakigeuza kikapu. Akagusa pale nilipofumua, uzi bado una mikunjo. Akaenda nje akakaa juu ya jiwe la kufulia mpaka jua likazama.

Tumekula kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Ameniosha mkono kwa kitambaa kama mtoto. Amelala sasa. Sijui kesho.


Jumapili, 24 Agosti

Kanisa limejaa. Mahindi, kunde, ndizi za Taveta, maboga, mbuzi mmoja analia kuliko kwaya. Akina mama wamepanga mstari na vikapu vipya, wima, vyenye midomo.

Nikaingia kwenye mstari na changu. Nimetia kunde ndani. Nyuzi zinaning'inia. Nikasikia mtu anacheka nyuma, "Hicho kimekuja bila kunyolewa." Nikageuka nikamwambia hata wewe ulikuja hivyo hivyo duniani. Mstari wote ukacheka.

Nilipofika mbele mwinjilisti akanyoosha mikono akipokee. Sikukiachia. Sijui ni nini kilinipata. Nikasema kwa sauti, si kwake: "Kunde ni zako, Bwana, chukua leo. Kikapu ni chako pia, lakini sikupi kitu nusu. Nakuonyesha tu. Kikiisha nitakileta."

Kimya. Hata mbuzi. Kisha Mkanyika akapiga kigelegele, na akina mama wote wakapokea. Mwinjilisti akamimina kunde kwenye karai, akanirudishia kikapu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Akasema, "Tutakisubiri, mama."

Mwadime alikuwa benchi la nyuma, uso ndani ya viganja.

Nje akaniambia, "Mama, umefanya nini? Nikikuchukua leo nitakuwa nimeiba kikapu cha Mungu."

Nikamwambia sikufikiria hivyo. Ni kweli. Au karibu na kweli. Nikamwambia neno langu ni neno langu, akisema twende nitaenda, nitakimalizia Mombasa na kukirudisha.

Alicheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu si kicheko tena. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, na watu wanapita. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja. Mmoja unatosha, nimegundua, ukikaza.

Alipopata sauti akasema si kuanguka kulikomtisha. Ni ile leso juu ya goti. Usiku anawaza ni mangapi namficha. "Jana ungenidanganya na nisingejua kamwe."

"Ndiyo."

"Na ukianguka tena?"

"Nitakuambia. Hata kama ni aibu."

"Kila jioni nitapiga simu."

"Piga. Nitakwambia kweli na utaivumilia."

Akafuta uso. Akaniuliza na kikapu kikiisha? Nikasema tutaongea, na kusuka mdomo kwa mkono mmoja si kazi ya haraka. Akanitazama kwa jicho la marehemu baba yake.

Begi amelifungua yeye mwenyewe. Leso amezikunja vibaya.


Jumanne, 26 Agosti

Mwadime aliondoka jana na gari la alfajiri. Kabla ya kwenda alifunga kamba kutoka mlangoni hadi choo, kimo cha mkono wa kushoto. Sikumwomba. Nimeitumia.

Leo nimesuka mzunguko mmoja na nusu. Kisha nimeacha. Hakuna anayenifukuza.

Mkanyika amekuja jioni, amekaa mlangoni, anajaribu kusokota kwa mkono wa kushoto. Uzi wake ni mbaya sana. Nimefurahi sana.

Simu imelia saa moja. Mwadime akauliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na mboga. Akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia nilijikwaa kizingitini mchana, nikashika mlango, sikuanguka.

"Haya, Mama," akasema. Hakuuliza mara ya pili.